Helmsdale: kijiji kilichochorwa kwa rula, bonde lililobaki tupu

Ukifungua ramani ya Helmsdale, kijiji cha pwani kaskazini-mashariki ya Uskoti, jicho linakwama kwenye mistari. Vijiji vingi vya zamani hukua kama mizizi ya mti: njia inafuata mto, nyumba inafuata njia, kona inafuata mwamba. Helmsdale sivyo. Barabara zake zimenyooka na kukatana kwa pembe mraba, na viwanja vinalingana kama mtaa uliopimwa mwaka jana. Halafu soma majina ya barabara hizo: Dunrobin Street, Sutherland Street, Stafford Street, Trentham Street, Lilleshall Street. Dunrobin ni kasri lililo pwani hiyohiyo, kusini kidogo. Lakini Trentham na Lilleshall haziko Uskoti kabisa. Ziko England, mamia ya kilomita kutoka hapo. Yalikuwa mashamba ya familia moja tajiri, na familia hiyohiyo ndiyo iliyomiliki Sutherland, wilaya ambamo Helmsdale imo. Mtu anayetembea Helmsdale kwenda kununua mkate anatembea juu ya orodha ya mali ya watu wengine.

Nani alichora kijiji hiki, na kwa nini akichore mahali ambapo watu walikuwa wameishi kwa karne nyingi bila kuhitaji rula? Ili kupata jibu, uipe bahari mgongo na ufuate mto kuelekea bara. Utaingia bonde la Kildonan, lenye urefu wa karibu kilomita 30, majani mazuri, mto wa samoni, na vilima pande zote. Sensa ya mwaka 1811 ilikuta watu 1,574 katika parokia ya Kildonan. Sensa ya mwaka 1831 ilikuta 257. Bondeni hapakupita vita katikati ya sensa hizo, wala tauni. Watu walifurushwa. Kigaeli kina jina la jambo hili, ambalo liliikumba sehemu kubwa ya Nyanda za Juu za Uskoti: Fuadaichean nan Gàidheal, kufurushwa kwa Wagaeli.

Kwa hiyo mahali penyewe ni pa kale. Jina Helmsdale waliliacha Wanorwe wa zamani, kutokana na Hjalmundal, bonde la Hjalmund. Wagaeli walipaita Bun Ilidh, yaani pale mto Ilidh unapoishia. Palikuwa na kasri dogo juu ya mlango wa mto, na humo, mwaka 1567, Isobel Sinclair alimlisha sumu bwana mwenye cheo cha Erli wa Sutherland na mkewe ili cheo kiiendee familia yake. Mwanawe mwenyewe akanywa kutoka kwenye sumu hiyohiyo akafa. Magofu ya kasri hilo yalibomolewa miaka ya 1970 kupisha daraja jipya la barabara kuu. Kilicho kipya ni kijiji chenyewe, na kina miaka mia mbili tu.

Sasa tuje kwenye fundo lenyewe, kwa sababu wengi huliruka. Inawezekanaje familia iliyolima bonde moja kwa vizazi kumi iambiwe siku moja kwamba haina haki ya kubaki hata hadi mwisho wa mwaka?

Wakazi wa Kildonan walifuga ng'ombe weusi wadogo, wakapanda oti, shayiri na viazi, na wakati wa kiangazi walipandisha mifugo milimani na kuishi huko kwenye vibanda. Nyumba zao zilikuwa za mawe na madongo ya majani, na kitu cha thamani kuliko vyote kilikuwa boriti za paa, kwa maana miti ilikuwa adimu. Vichwani mwao walikuwa na fikra iliyoitwa dùthchas. Ni neno gumu kulitia katika lugha nyingine, ila msomaji wa kwetu anayejua uzito wa shamba la ukoo ataliona haraka: wewe ni wa ardhi hii kwa sababu waliokuzaa ni wa ardhi hii, na mkuu wa ukoo ni mlinzi wake, si mwenye kuiuza. Ulimpa mkuu kodi, kazi, na zaidi ya yote ulimpa wanao wakapigane akiwaita. Yeye alikupa mahali.

Tatizo ni kwamba dùthchas haikuwa imeandikwa popote. Kilichoandikwa kilikuwa hati za mfalme, na hati zilimtaja mtu mmoja tu. Kwa muda mrefu mifumo hii miwili iliishi pamoja bila kugombana, kwa sababu mkuu wa ukoo alihitaji watu kuliko alivyohitaji fedha. Nguvu yake ilipimwa kwa idadi ya wanaume wenye panga. Baada ya vita vya Culloden mwaka 1746, ambapo jeshi la serikali lilivunja uasi ulioungwa mkono na koo nyingi za Nyanda za Juu, serikali ya Uingereza iliwavua wakuu hao mamlaka ya kuendesha mahakama zao na kukusanya majeshi yao. Tangu hapo watu wengi kwenye ardhi hawakumaanisha nguvu tena. Taratibu mkuu wa ukoo akageuka kuwa mwenye nyumba, na watu wake wakageuka kuwa wapangaji wasio na mkataba, au wenye mkataba wa mwaka hadi mwaka. Hawakujua kwamba wamegeuka. Hicho ndicho ninachoona kuwa kikatili kuliko moto uliokuja baadaye: mkataba ulivunjwa upande mmoja, na upande wa pili uliendelea kuutimiza.

Na waliutimiza kwa damu. Mwaka 1800 kilikusanywa huko Sutherland kikosi cha 93 cha wanajeshi wa Nyanda za Juu, na familia zilitoa vijana wao zikiamini kwamba mtoto jeshini ni kinga ya shamba nyumbani. Tarehe 8 Januari 1815 kikosi hicho kilisimama kwenye uwanja wa wazi mbele ya New Orleans, kule Marekani, kikipigwa risasi na mizinga, na mamia wakaanguka. Wakati huohuo, nyumbani, mabonde yao yalikuwa yanamalizwa kupangiwa kondoo.

Mwenye hati wakati huo alikuwa mwanamke, Elizabeth, Kauntesi wa Sutherland, aliyerithi ardhi akiwa mtoto mchanga mwaka 1766. Mwaka 1785 aliolewa na George Granville Leveson-Gower wa England, ambaye mwaka 1803 alirithi mashamba ya Trentham na Lilleshall pamoja na mapato ya mfereji maarufu wa Bridgewater. Akawa mmoja wa matajiri wakubwa kabisa wa Uingereza. Miezi michache kabla ya kifo chake mwaka 1833 alipewa cheo kikubwa zaidi, cha Mtawala (Duke) wa kwanza wa Sutherland. Ardhi ya mkewe ilikuwa kubwa mno, na baada ya ununuzi zaidi ilipita ekari milioni moja, lakini haikuleta fedha iliyolingana na ukubwa wake. Ndipo likaja neno lililopendwa sana na wenye mali wa zama zile: maendeleo.

Mpango wao ulikuwa na nusu mbili, na ni lazima zisomwe pamoja. Nusu ya kwanza: mabonde ya ndani, yenye majani bora, yapewe wafugaji wachache wakubwa waliotoka kusini wakileta kondoo aina ya Cheviot. Viwanda vya nguo vilitaka sufu, vita dhidi ya Napoleon vilipandisha bei, na mfugaji mmoja wa kondoo aliweza kulipa kodi kubwa kuliko familia mia moja za wakulima. Nusu ya pili: watu wahamishiwe pwani, wapewe vipande vidogo vya ardhi, wawe wavuvi, wachimba makaa ya mawe, wapondaji mawe. Helmsdale ndiyo nusu ya pili.

Udogo wa vipande hivyo haukuwa uzembe wa mpimaji. Ulikusudiwa. Wasimamizi wa mali, akina William Young, Patrick Sellar na baadaye James Loch, waliamini kwamba mtu akipewa ardhi ya kumtosha atakaa nayo. Akipewa pungufu, njaa itamsukuma baharini. Kwa hiyo familia zilipimiwa ekari chache kwenye miteremko yenye mawe ya West Helmsdale, Gartymore na Portgower, ardhi ambayo nyingi yake haikuwahi kuguswa na jembe, zikaambiwa zianze. Wanaume waliojua kusoma mawingu ya mlimani na tabia ya ng'ombe walitakiwa kujifunza kupiga makasia kwenye Bahari ya Kaskazini, ambayo haina huruma na mwanafunzi.

Kuna wanahistoria wanaokumbusha kwamba wenye mali walitumia fedha nyingi kwenye barabara, madaraja na bandari, kwamba bonde lilikuwa na miaka ya njaa hata kabla, na kwamba idadi ya watu ilikuwa inaongezeka. Hayo ni kweli. Daraja la mawe lililosanifiwa na Thomas Telford lilivuka mto pale Helmsdale mwaka 1811, na bandari ikajengwa mwaka 1818. Lakini hoja hiyo haijibu swali la nani aliulizwa. Hakuna hata mmoja wa watu 1,574 aliyeulizwa kama anataka maendeleo hayo, wala wapi.

Kildonan haikunyamaza. Mwanzoni mwa mwaka 1813 wapima ardhi na wachungaji walipopanda bondeni kuangalia mashamba mapya, wakazi waliwazunguka na kuwafukuza. Kwa majuma kadhaa hakuna afisa aliyethubutu kurudi. Kisha wanajeshi wakaletwa, na upinzani ukaisha bila risasi kufyatuliwa. Baadhi ya wakazi wakaamua kwamba kama ni kuhama, wahame mbali. Bwana mmoja, Thomas Douglas, Erli wa Selkirk, alikuwa anatafuta watu wa kukaa kwenye koloni lake kando ya mto Red River, mahali ambapo leo ni Winnipeg, Kanada. Watu wapatao 700 waliomba kwenda. Meli ikachukua chini ya 100.

Safari yao inastahili kusimuliwa. Waliondoka visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Uskoti, mwezi Juni 1813 kwa meli iliyoitwa Prince of Wales, na homa ya taifasi ikazuka ndani. Nahodha akawashusha Churchill, kwenye Ghuba ya Hudson, badala ya York Factory, kituo cha biashara ya manyoya walikotarajiwa. Walipitisha majira ya baridi ya Aktiki katika vibanda walivyojijengea kwa miti. Mwezi Aprili 1814, theluji ikiwa bado imefunika nchi, kundi la vijana lilitembea zaidi ya kilomita 200 hadi York Factory, mpiga zumari akiwa pamoja nao ili wenye kuchoka wafuate sauti wasipotee. Walifika Red River kiangazi kile. Mwaka 1817 makazi yao yakaitwa Kildonan, na mpaka leo Winnipeg ina mitaa yenye jina la bonde ambalo karibu halina watu. John Diefenbaker, aliyekuwa waziri mkuu wa Kanada kuanzia 1957 hadi 1963, alitokana na familia ya Bannerman iliyotoka huko.

Lakini ardhi ya Red River haikuwa tupu pia. Ilikuwa ya wenyeji Wakrii na Waanishinaabe, na ya Wametis, watu wa asili mchanganyiko ya wenyeji na Wazungu, na mwaka 1816 mvutano ulilipuka kwa mapigano ya Seven Oaks, watu zaidi ya ishirini wakauawa, karibu wote upande wa koloni. Chifu Peguis, ambaye watu wake waliwasaidia walowezi wasife njaa, alitia alama yake kwenye mkataba wa Selkirk mwaka 1817, na wajukuu wa watu wake wakaja kupoteza ardhi yao baadaye. Waliofukuzwa kwa sababu hawakuwa na karatasi walifika mahali ambapo karatasi ilikuwa upande wao. Siwalaumu wale waliotembea kwenye theluji. Ninasema tu kwamba habari hii haiwezi kusimuliwa ukiishia kwenye gati la Orkney.

Waliobaki walifikiwa na awamu zilizofuata. Mwaka 1814, katika bonde jirani la Strathnaver, Patrick Sellar alisimamia kufukuzwa kwa watu ili apate shamba la kondoo alilokuwa amelikodi yeye mwenyewe. Paa zilichomwa ili watu wasirudi kulala. Pale Badinloskin nyumba ilitiwa moto wakati mwanamke mzee sana, Margaret Mackay, bado yuko kitandani. Alitolewa nje, akafa siku chache baadaye. Sellar alishtakiwa Inverness mwezi Aprili 1816, mbele ya baraza la mahakama lililojaa wenye ardhi na wafanyabiashara, akaachiwa huru. Aliendelea kufuga kondoo na akafa tajiri. Mwaka 1819 ikaja awamu kubwa kuliko zote, na Kildonan ikamalizwa.

Hivyo ndivyo Helmsdale ilivyopata watu wake wa kwanza. Nadhani inafaa kukaa kidogo na picha hiyo: kijiji kizima ambamo karibu kila mtu mzima anajua moshi ulivyonuka siku ile, na kila asubuhi anafungua mlango kwenye barabara yenye jina la kasri la aliyemhamisha.

Na bado walifaulu. Hili huudhi pande zote mbili za mabishano, lakini ni kweli. Samaki wadogo wa fedha, heringi, walipita pwani ile kila kiangazi kwa makundi makubwa ajabu, na kufikia katikati ya karne ya 19 Helmsdale ilikuwa mojawapo ya vituo vikubwa vya heringi katika Uskoti, mashua zaidi ya 200 zikitoka bandarini katika msimu. Wanawake walifanya kazi ya nchi kavu kwa makundi ya watatu, wawili wakipasua samaki kwa kisu kifupi na mmoja akipanga kwenye pipa, tabaka la samaki, tabaka la chumvi. Walifunga vidole kwa vitambaa kwa sababu kisu na chumvi havipatani. Mapipa yalisafiri hadi Ujerumani na Urusi. Katika miongo ya mwanzo, kabla ya utumwa kufutwa katika makoloni ya Uingereza miaka ya 1830, heringi wa Uskoti wa daraja la chini waliuzwa pia Karibi, kulisha watu waliotumikishwa kwenye mashamba ya miwa. Mtu aliyenyang'anywa bonde alikuwa akimkamatia samaki mtu aliyenyang'anywa kila kitu, na hakuna kati yao aliyejua jina la mwenzake.

Waliopata pabaya zaidi walikuwa kaskazini kidogo mwa Helmsdale, pale Badbea, kwenye ardhi ya mmiliki mwingine. Huko familia zilizofukuzwa kutoka mabonde ya karibu zilipewa ukingo wa mwamba juu ya bahari, mahali penye upepo mkali kiasi kwamba kumbukumbu za wenyeji zinasema kuku, mbuzi na watoto walifungwa kamba wasipeperushwe. Mkazi wa mwisho aliondoka mwaka 1911. Leo zimebaki kuta za mawe zinazofika magotini na mnara uliojengwa na mtoto wa mtu aliyehamia New Zealand.

Hasira haikufa, ilibadilisha njia. Kwanza ilipitia kanisani. Wachungaji wengi walikuwa wamesimama na mwenye ardhi, ambaye ndiye aliyekuwa na sauti katika kuwateua, na Kanisa la Uskoti lilipogawanyika mwaka 1843, watu wa Sutherland walitoka kwa wingi wakaingia Kanisa Huru. Mtawala wa wakati huo alikataa kwanza kuwapa viwanja vya kujengea, kwa hiyo waliabudu nje. Kisha ilipitia siasa. Mwaka 1883 tume ya serikali iliyoongozwa na Lord Napier ilizunguka Nyanda za Juu kusikiliza wakulima wadogo, na ilikaa Helmsdale pia. Miongoni mwa waliotoa sauti ya kijiji alikuwa Angus Sutherland, mwalimu, mzaliwa wa hapo, ambaye wazee wake walifurushwa Kildonan. Mwaka 1885, baada ya haki ya kupiga kura kufika kwa wakulima wadogo, aligombea ubunge dhidi ya mrithi wa Mtawala wa Sutherland akashindwa. Mwaka 1886 akagombea tena, akashinda. Miaka sitini na saba baada ya mwaka 1819, wilaya iliyokuwa mali ya familia moja ilimpeleka London mjukuu wa waliofukuzwa.

Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya wakulima wadogo, na ndipo neno krofti likapata meno. Wapo wanaodhani krofti ni nyumba ndogo ya kupendeza yenye maua. Sivyo. Krofti ni kipande cha ardhi chenye ulinzi wa pekee wa kisheria: mkulima hamiliki ardhi, lakini hawezi kufukuzwa akilipa kodi na kutimiza masharti, kodi yenyewe hupangwa kwa haki na chombo cha umma, anaweza kumrithisha ndugu yake, na akiondoka lazima alipwe thamani ya alichojenga. Kwa hiyo sheria ya 1886 ilirudisha kitu kinachofanana na dùthchas, safari hii kikiwa kimeandikwa. Haikurudisha bonde. Iliwalinda watu palepale walipotupwa, kwenye ile miteremko ya mawe, na ndiyo maana hadi leo ukitazama juu ya Helmsdale unaona mashamba membamba ya Gartymore na Portgower, na ukitazama bondeni unaona nafasi.

Kabla ya hapo bonde lilikuwa limejaa watu tena kwa mwaka mmoja tu. Robert Gilchrist, mwenyeji aliyekuwa amechimba dhahabu Australia, alirudi nyumbani na mwaka 1868 akaanza kuchekecha mchanga wa mto; akapata dhahabu. Mwaka 1869 mamia ya watu walimiminika, na kijiji cha mbao na mahema kikaota kando ya kijito cha Kildonan, kikaitwa Baile an Òir, mji wa dhahabu. Mtawala aliuza leseni kwa pauni moja kwa mwezi na kuchukua asilimia 10 ya mapato. Lakini wafugaji na wawindaji walilalamika kwamba wachimbaji wanasumbua kondoo, paa na samoni, na mwisho wa mwaka akafunga kila kitu. Wageni bado huchekecha mchanga hapo kwa kujifurahisha, na wengine huondoka na chembe au mbili.

Reli ilifika Helmsdale mwaka 1871, ikisukumwa na fedha za Mtawala, na miaka mitatu baadaye ikapinda kupita bondeni kuelekea Wick na Thurso. Heringi wakapungua, soko la Urusi na Ujerumani likavunjika na Vita vya Kwanza vya Dunia, bandari ikatulia. Leo mashua chache huleta kaa na kamba. Kigaeli cha Sutherland mashariki nacho kilizimika polepole. Mwanaisimu Nancy Dorian, aliyeanza kukirekodi mwaka 1963 katika vijiji vya wavuvi kusini mwa Helmsdale, alikikuta midomoni mwa wazee waliokuwa wakiwajibu wajukuu wao kwa Kiingereza.

Kumbukumbu inagombaniwa mawe kwa shaba. Juu ya mlima Ben Bhraggie, nyuma ya kijiji cha Golspie, Mtawala wa kwanza amesimama tangu miaka ya 1830 kwenye mnara unaoonekana kutoka mbali sana. Mara kwa mara watu wamedai ubomolewe, na wapo waliojaribu kuung'oa wenyewe. Helmsdale ilijibu kwa sanamu nyingine, kazi ya Gerald Laing, iliyozinduliwa mwaka 2007 juu ya mlango wa mto: baba anatazama mbele, mtoto wa kiume anamtazama baba, na mama mwenye kichanga amegeuza shingo analitazama bonde. Nakala yake ilipelekwa Winnipeg. Makumbusho ya kijiji, yaitwayo Timespan, yamefanya kazi ambayo sanamu haiwezi: mwaka 2013, miaka 200 baada ya upinzani, wenyeji na wanaakiolojia walifukua nyumba katika makazi ya Caen, juu kidogo ya kijiji, na makazi yale yakajengwa upya kwenye kompyuta ili mtu aone paa zilipokuwa.

Na ardhi? Hapa mambo yamesogea, ingawa kwa mwendo wa konokono. Umwinyi kama mfumo wa sheria ya ardhi ulifutwa rasmi Uskoti tarehe 28 Novemba 2004. Si kosa la uchapishaji, ni karne hii. Hata hivyo kufuta mfumo hakukugawa mashamba. Nusu ya ardhi ya vijijini iliyo mikononi mwa watu binafsi bado inamilikiwa na wamiliki wasiofika 500. Njia iliyopatikana ni wanakijiji kununua. Wakulima wa Assynt, upande wa magharibi wa Sutherland, walinunua ardhi yao mwaka 1993, wakazi wa kisiwa cha Eigg wakafuata mwaka 1997, na sheria ya mwaka 2003 ikaipa jamii haki ya kununua katika mazingira fulani. Mwaka 2016 zamu ikafika hapa: ekari zipatazo 3,000 za krofti na malisho ya West Helmsdale, Gartymore na Portgower zilihama kutoka kwa mali ya Sutherland kwenda kwa shirika la wenyeji, kwa makubaliano na kwa msaada wa fedha za umma. Ile miteremko ya mawe waliyotupiwa babu zao sasa ni yao.

Kumiliki hakujazi shule. Helmsdale ina wakazi mia kadhaa, na wengi ni wazee. Watoto wakimaliza msingi husafiri kila siku kwenda sekondari Golspie. Hospitali kubwa iko Inverness, zaidi ya kilomita 100. Nyumba zinazouzwa hununuliwa mara nyingi na watu wa mbali kwa ajili ya likizo, na kijana anayetaka kubaki anashindana na fedha asizoweza kuziona. Tangu mwaka 2015 barabara kuu imekuwa sehemu ya mzunguko wa watalii unaoitwa North Coast 500. Unaleta wateja na pia msongamano wa magari ya kulala kwenye njia nyembamba. Mwezi Julai 2024 ardhi ya mboji ya Flow Country, iliyo juu ya bonde, iliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO, kwa sababu mboji hiyo imehifadhi kaboni kwa maelfu ya miaka. Wapo wanaotumaini kazi zitatoka humo. Wapo pia wanaouliza, na wana haki, kama nchi yao itapendwa tena kwa kila kitu isipokuwa watu.

Bonde la Kildonan lenyewe bado liko mikononi mwa mashamba makubwa ya kuwindia na kuvulia samoni. Treni inapita humo mara chache kwa siku. Kituo kipo, mojawapo ya vinavyotumiwa na watu wachache kabisa Uskoti, na treni haisimami hapo mpaka abiria aombe.